Miguu ya Nyuma ya Simba

...na mheshimiwa akiendelea kuhutubu hivi tutazeekea humu, maana mwalimu wetu Mzee Hoe alituapisha tangu mazoezini, simba wa kitambaa ni maiti mpaka mgeni rasmi amtie wino machoni, kabla ya hapo hakuna kutikisika wala kunong'ona, bahati ya mtaa mzima itamwagika, basi nimeinama humu ndani ya simba gizani nimeshika mkanda wa Ndirangu, yeye kichwa mimi mkia, uso wangu kiunoni kwake, na nje maduka ya Wachina yamewasha taa nyekundu, harufu ya bata wa kuchoma inapenya chini ya manyoya... kwao Penang, Mzee Hoe husema, simba huchezwa na watoto wa wenye maduka, hapa Doha watoto hao ni mainjinia, magoti yao ni ya kukalia viti, ndipo Mkamba na Mkikuyu tukafanywa Wachina wa Mwaka Mpya, na pale getini yule mlinzi, mwenzetu kabisa kwa kazi, hakutupitisha mpaka ajue simba ni mnyama au ni kifaa, akampigia mkubwa, mkubwa akampigia mkubwa, ikaamuliwa: mnyama, asiye na madhara... tungelicheka hilo wiki nzima kama si haya niliyoyasikia sasa hivi, Madam Lin, anayetafuta wachezaji wa kudumu wa kikundi chake cha Lusail, ameinama kwenye mdomo wa simba, "Ndirangu, mkataba wako uko tayari. Kwa nyuma nimepata Mnepali. Pole kwa mgongo wa rafiki yako," na maiti ikajibu, maiti iliyoapa, "Asante, Madam. Mgongo umemkataa kabisa"... mgongo upi, mgongo huu wangu, ambao kila jioni kule kambini Al Rayyan, tukitoka kulinda milango ya watu, amekuwa akiurukia, tena, Kioko, tena, tukienda kwa Madam tunaenda wawili, simba hana nusu, maneno yake hayo, hata alimwambia mke wangu Mumbua kwa simu, "Shem, usijali, huyu simwachi kwa gate," na Mumbua akaanza kuniita mwanasarakasi mbele ya mama yake... "Kioko," ananong'ona bila kugeuka, "uko fiti huko nyuma, bro?" bro, eti bro, niko nyuma ndiyo, mwaka mzima niko nyuma, nimejua kila pingili ya uti wako na sijawahi kuuona uso wako ukizungumza na Madam... ningeweza kulegea, atakaporuka akanyage mapaja yangu niyaondoe tu, kichwa cha mianzi kisambae mbele ya wakubwa, Ndirangu apate mgongo wa kupewa pole kwa haki, nani angejua... Mzee Hoe angejua, aliyenifundisha kushika kabla hajamfundisha yeye kuruka, na mimi pia ningejua... mheshimiwa ametoka Kiarabu ameingia Kiingereza, anawashukuru wadau, wadau hawaishi, Kichina bado, wino bado, ngoma kimya, basi nitamwinua, juu kuliko mazoezini kote, juu ya hizo taa, na akinigonga kwa kisigino kuomba kushuka sitamshusha, nitasimama wima chini yake mbele ya Madam Lin, mgongo wangu wote nje, huyo Madam atazame hadi achoke, na yeye huko juu ajiulize nimesikia au sijasikia... nimekaza mkanda wake kwa mikono miwili, naye, kwa kuhisi hivyo, ameshusha pumzi, ametulia, anadhani bado tuko wawili...