Kadi Sita Kwenye Mkoba

Niliziondoa Ijumaa asubuhi, wakati binti yangu anaoga. Naanza hapo hapo, maana nikizunguka nitaanza kujipamba.

Binti yangu ana miaka sita. Mama yangu anamwita Kifungo, kwa kuwa ni mfupi, wa duara, na asipokuwepo nyumba yetu haifungiki. Tunakaa watatu kwenye chumba kimoja. Ndoo ya maji ya kunywa iko mlangoni, kitanda cha mama yangu kiko mwisho kabisa, na katikati, penye mwanga wa dirisha, ipo cherehani yangu. Mchana nashona sare za shule kwenye karakana, jioni nne kwa wiki naenda masomo ya watu wazima kumalizia sekondari niliyoikatisha, na muda unaobaki ni wa wateja wangu wa nyumbani. Mama anaumwa mguu. Kumpelekea maji ya kumezea dawa ni kazi ya Kifungo, asubuhi na jioni, na hamwachii mtu mwingine.

Shuleni kwao kuna mwalimu kijana ambaye watoto wanamwita Mwalimu Mistari, kwa sababu sakafu ya darasa lake imejaa miraba ya chaki. Anawafundisha kupanga mambo kama wanavyopanga watu wanaoielekeza kompyuta, ila kompyuta yenyewe hakuna hata moja. Wana kamba, vibanio vya nguo, na kadi zilizokatwa kwenye maboksi ya sabuni. Kadi moja ina mshale wa mbele, nyingine inasema geuka kulia, nyingine kushoto. Mtoto anazibana kwenye kamba kwa mpangilio wake, mwenzake anajifanya mashine na kuzifuata. Mashine ikijigonga ukutani wanacheka mpaka wanakaa chini, halafu wanarudi kwenye kamba kutafuta palipoharibika. Palipoharibika panabanwa kibanio chekundu, kila mtu apaone, ndipo parekebishwe.

"Mzazi asiguse," mwalimu alituambia kwenye mkutano. "Hata ukiona amekosea. Tena hasa ukiona amekosea. Ukimtolea kosa lake umemwibia somo."

Tuliitikia. Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Kazi ya wiki ile ilikuwa kila mtoto achore chumba chao kwa miraba. Mchoro ubaki shuleni, kamba aje nayo nyumbani aimalizie, na Ijumaa wazazi ndio wawe mashine. Kifungo alichagua safari ya maji, kutoka kwenye ndoo mpaka kitandani kwa bibi yake. Siku tatu alilala na kamba ile chini ya mto.

Basi Ijumaa, natandika kitanda, nikaikuta. Nikahesabu. Kadi kumi na moja! Toka mlangoni mpaka kwa mama ni mstari ulionyooka, hatua tano za mtoto. Yeye kaenda mbele mbili, kageuka kulia, kasogea, kageuka kushoto, kama mtu anayetafuta choo gizani. Niliwaona wazazi wenzangu wamekaa wanatazama. Nikajiona na mimi, wiki mbili nyuma, mbele ya ubao wa darasa la jioni, nimekosea hesabu ya mabano na watu wazima wenzangu wanaguna. Sikutaka mwanangu agunwe.

Nikaifanya kamba ile kama ninavyofanya mshono uliopinda. Niliifumua. Nikatoa kadi sita, nikabakiza mbele tano, nikasogeza vibanio vikae sawa kama hapakuwahi kuwa na kitu kingine. Zile sita nikazitumbukiza kwenye mkoba. Fundi hatupi vipande.

"Mama, usiikalie kamba yangu!" Kifungo akapiga kelele toka bafuni.

"Sijaikalia," nikajibu. Na kweli sikuwa nimeikalia.

Darasani tulipangwa kwenye viti vya watoto, magoti yakitugusa videvu. Alianza dereva, baba wa mapacha, mwanamume mkubwa kama kabati. Wanawe walimpeleka moja kwa moja kwenye pipa la taka.

"Wamenipeleka nyumbani kwangu hawa," akasema akiwa ndani ya mraba wa taka, na sote tukacheka. Mapacha wakakimbia kutafuta pa kubana kibanio chekundu, wanasukumana, wana furaha kama wameokota kitu. Hakuna aliyeguna. Hapo ndipo niliubana mkoba kwapani.

Ikawa zamu yetu. Mwalimu Mistari alichora chumba chetu sakafuni akifuata karatasi ya Kifungo, akaweka picha alizozichora mwenyewe mtoto. Mraba wa kwanza, ndoo. Wa mwisho, kitanda, na bibi mwenye mguu mkubwa kuliko mwili. Na katikati ya njia, imejaza mraba mzima, cherehani. Karibu yake alikuwa mwanamke asiye na uso, ameinama.

Nilielewa palepale nilichofanya, lakini kikombe cha maji kilikuwa tayari mkononi mwangu.

"Mashine haifikiri," mwalimu akanikumbusha. "Inatii."

"Mbele," Kifungo akasoma, anatabasamu. "Mbele." Nikaenda mbili. Kisha kidole chake kikasimama. Akaitazama kadi ya tatu. Akaitazama kamba mpaka mwisho, ilivyokuwa fupi. Akaninyanyulia macho.

Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote.

"Endelea, mama," mwalimu akamwambia Kifungo kwa upole.

"Mbele," akasema, sauti imeshuka.

Nikaikanyaga cherehani yangu. Watoto wakaangua kicheko, na baba wa mapacha akasema, "Fundi, umevunja ofisi!"

Kifungo hakucheka. Alikwenda kwenye kopo, akachukua kibanio chekundu, akakibana kwenye kadi ya tatu. "Nimekosea, Mwalimu," akasema.

"Safi sana! Ulitaka iweje?"

"Nilitaka azunguke."

"Kwa nini azunguke, na njia imenyooka?"

"Mama akishona hapitwi," alieleza, kama anayeeleza kwamba moto unaunguza. "Ukipita anasema, 'Nipishe huko, unaniziba mwanga!' Mara nyingine maji yanamwagika. Kwa hiyo unapita nyuma ya kiti, polepole."

Wazazi wakacheka kile kicheko cha watu wanaojijua. Mimi masikio yaliwaka. Hakuwa amepotea mwanangu. Alikuwa amenichunguza siku baada ya siku, akapanga njia ya kuniepuka. Na sasa amesimama mbele ya watu na kosa langu mkononi, amelifanya lake, na anasifiwa.

Ningeweza kunyamaza. Naandika hili kwa sababu nilinyamaza, kwa muda wa kutosha kufikiria hivyo.

Kisha nikakiweka kikombe chini, nikafungua mkoba, nikachomoa kadi sita zikiwa na nyuzi zimezing'ang'ania. "Mwalimu, hajakosea," nikasema. "Yake ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyezitoa hizi asubuhi. Nilidhani namsaidia."

Dereva alitazama viatu vyake. Mwalimu hakunikaripia, na heri angenikaripia. Alisema tu, "Basi mrudishie mwenyewe."

Kifungo alizipokea, akazihesabu, akapuliza nyuzi. Akakitoa kibanio chekundu kwenye kamba, akaja akakibana kwenye upindo wa blauzi yangu. Akarudi kuzipanga. Hakuniomba nimshikie hata ncha ya kamba. Mara ya pili alinizungusha nyuma ya kiti, nikafika kwa bibi bila kumwaga tone.

Njiani hakunipa mkono. Aliushika mkoba.

Jioni ile sikuwa na darasa. Nilikuwa nashona, na yeye akachota maji. Nikausimamisha mguu kwenye pedeli, nikavuta kiti nyuma hadi njia ikaonekana kati yangu na cherehani. "Pita hapa, mwanangu. Siku hizi panapitika. Unaweza kuzitoa zile kadi sita."

Akasimama na kikombe chake, anafikiri. "Bado," akasema. "Mwalimu anasema kwanza unajaribu mara nyingi."

"Mara ngapi?"

"Nyingi."

Toka kitandani mama yangu akacheka chinichini. "Umepatikana, fundi."

Kifungo akapita mbele yangu, hatua kwa hatua, kivuli chake kikiangukia kwenye kitambaa nilichokuwa nashona. Mtoto mwenye kikombe kilichojaa hukitazama kikombe. Yeye alikuwa ananitazama usoni, na maji yakamwagikia vidole vyake.

Sikumwambia anipishe. Akamaliza njia, akampa bibi yake, akarudi. Aliporudi alipita nyuma ya kiti.