Chumba Kilichopoteza Mlango

Kaka yangu aliposema kwamba mama hawezi kuishi kabatini, nilimjibu kwenye simu mpaka mume wangu akatoka nje kwa aibu. Kabati! Chumba changu mimi, chenye dirisha na hewa, mtu anakiita kabati!

Ngoja nieleze. Macho ya mama yameingia ukungu. Anamwona mtu lakini sura haioni vizuri, anauona ukuta lakini kona yake inampotea. Kuishi peke yake ilishakuwa hatari, tukakubaliana ahame. Ahamie kwa nani, hapo ndipo vita vilipoanzia. Kaka ana nyumba kubwa, sebuleni kwake unaweza kucheza mpira, ila yeye na wifi yangu wanatoka asubuhi na kurudi jioni. Mama angebaki humo anazungumza na friji. Kwangu ni padogo, lakini kazi zangu ziko mtaani hapahapa. Mchana narudi, nakula, namchokoza, ananichokoza, maisha yanaenda. Nilimtaka mama kwangu, tena nilimtaka kama mtoto mdogo anavyomtaka mama yake.

Kaka akatoa sharti: "Jumamosi namleta akione hicho chumba. Akisema panambana, naondoka naye, na usianze kelele zako."

Maskini, hakujua anamchokoza nani. Mimi ni fundi rangi! Mtaa mzima unaniita Pilipili kwa ajili ya huu mdomo, lakini wanaponiita ujue kuna chumba kidogo mahali kinawasumbua. Kukifanya chumba kidogo kionekane kikubwa, jamani, hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko chakula.

Kile chumba kilikuwa stoo. Kitanda kikiwemo, unapita kiubavu. Na aliyekipaka kabla yangu, Mungu amsamehe, aliweka kahawia ya mafuta nusu ya chini na nyeupe nusu ya juu, mstari umepita katikati ya ukuta kama mshipi kiunoni. Dari kijani, mlango mweusi. Nani alimtuma? Mimi siri yangu ni moja tu: usilisimamishe jicho. Rangi inapobadilika jicho linagonga, likigonga mara nyingi mtu anasema hapa pamebana. Ukifuta mipaka yote, jicho linateleza tu, halijui chumba kinaishia wapi.

Nikaingia kazini. Nilipiga msasa mpaka nikawa mweupe kama mtu wa mashine ya unga. Nikaziba nyufa, nikapaka mkono wa kwanza, nikaacha ukauke, nikapaka wa pili. Rangi yenyewe krimu nyepesi, maziwa yaliyoonja chai kidogo. Kuta krimu, dari krimu, fremu ya dirisha krimu, hata kifuniko cha swichi sikukiacha. Kila rola ilipopita chumba kilivuta pumzi, naapa, na mimi nilikuwa naimba peke yangu humo ndani kama mwehu.

Mwisho nikafika mlangoni. Hapo ndipo nilipoweka ufundi wangu wote! Ubao, fremu, bawaba, kitasa, vyote krimu ileile. Ukiufunga ukiwa ndani, mlango hakuna, umemezwa na ukuta. Nilimwita mume wangu aje aone.

"Hee! Mke wangu, umebomoa ukuta?"

Nilirukaruka na rola mkononi mpaka rangi ikamdondokea kichwani. Hakununa, alicheka tu, akaenda kunawa.

Jumamosi ikafika, kaka akaja na mama. Kaka alitangulia kuingia, kidevu juu, neno la kukataa liko tayari mdomoni. Akasimama. Akalitua begi la mama, akanyoosha mikono pande zote mbili, akageuka, akageuka tena.

"Hiki si kile."

"Ndicho."

"Umekiongeza?"

"Nimekipaka!"

Akapitisha kiganja ukutani. Halafu akasema, na nataka dunia nzima isikie, "Pilipili, leo umeniweza." Raha niliyoipata! Kaka yangu huyu, ambaye hajawahi kunisifia hata nilipozaa mapacha!

Ningenyamaza hapo. Lakini mwenye sifa zake hajui kunyamaza.

"Bado hamjaona kitu," nikasema. Nikamshika mama mkono, nikamkalisha kitandani. "Mama, sisi tunatoka, nafunga mlango. Hapo ndipo utakapouona ukubwa wenyewe."

Tukatoka, nikafunga. Nilisimama nje nimeuma midomo kwa furaha, nasubiri aseme "Lo!" Badala yake nikasikia viganja ukutani: pa, pa, pa. Vikahamia ukuta mwingine, haraka zaidi.

"Mwanangu?"

"Niko hapa, mama!"

"Mwanangu, mlango uko wapi?"

Sauti ile sijawahi kuisikia kwa mama. Nikafungua. Alikuwa amenipa mgongo, viganja vyote viwili ukutani, anapapasa mahali ambapo hakuna kitu. Nilipomgusa bega alishtuka.

"Nimeinua uso naona maziwa tu," akasema. "Huku maziwa, kule maziwa. Nimeshindwa kujua nilipoingilia."

Kaka aliokota begi. Hakunicheka, na ndicho kilichoniuma zaidi. "Mama, twende," akasema kwa upole.

Mganga hajigangi, ndiyo hiyo. Nimepaka nyumba za watu wangapi, na kila mara nauliza kwanza nani atalala humu. Safari hii sikuuliza. Mama nilimjua, ukungu wake niliujua, lakini rangi ile niliipaka kwa ajili ya macho ya kaka. Nilitaka kumshinda yeye. Machozi yakanijaa, na kwa kuwa mimi nikilia nakasirika, nikapiga kelele.

"Hakuna anayeondoka! Kaeni humohumo ndani!"

Nikakimbilia uani. Kulikuwa na nyekundu iliyobaki kwenye kazi ya geti la jirani, nyekundu ya kupiga kelele, rangi ambayo mteja akiniomba niiweke kwenye chumba kidogo namfukuza. Nikarudi nayo, nikafunga mlango, sisi watatu ndani, nikaanza kuupaka.

"Unajiharibia," kaka akasema. "Hata mimi nisiye fundi naona."

Alisema kweli. Kila brashi ilipopita niliona mlango unasogea mbele na kuta zinakaribiana. Kazi yangu yote ikienda na maji mbele ya macho yangu! Roho iliniuma, lakini mkono haukusimama. Nilipaka ubao, nikapaka fremu, nikapaka kitasa.

"Hicho chekundu ni nini?" mama akauliza.

Nikageuka. Alikuwa ameinua uso, anatazama palepale.

"Ni mlango, mama."

"Unaanzia hapo, unaishia hapo?" Akachora hewani kwa kidole, juu, kando, chini.

"Hapohapo!" nilipiga ukelele. "Hapohapo, mama! Unauona!"

"Nauona. Kwani mimi kipofu?"

Nilicheka huku nalia, pua imejaa rangi. Mume wangu kule nje akauliza kumetokea nini.

Kaka akakohoa. "Lakini chumba kimerudi kuwa kidogo. Tuseme ukweli tu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango."

Nilifungua mdomo nimpe zake, mama akaniwahi.

"Wahenga walikuwa na macho yao," akasema. "Kwako nikija kulala, mwanangu, nikiamka sijui ukuta uko wapi. Natembea kama niko uwanjani. Hapa nanyoosha mkono huku, nimefika. Nanyoosha huku, nimefika. Nani alikwambia naomba kikubwa? Mimi nataka mtu akija nimwone anakuja."

Kaka alilitua begi taratibu miguuni pa mama.

"Sasa wewe," mama akanielekea, "toka nje, funga, halafu uingie. Nijaribu."

"Rangi mbichi, mama."

"Toka, nimesema."

Nikatoka, nikafunga kwa ncha ya kidole. Nikahesabu kidogo, nikausukuma kwa kiwiko, nikaingia.

"Huyoo!" mama akapaza sauti, akapiga makofi. "Huyo anaingia! Rudia!"

Nikatoka tena, nikaingia tena. Kaka alipotoka kufuata begi la pili garini, alinikuta mlangoni, nyekundu mpaka kiwikoni, nikisubiri zamu yangu ya kuingia.