Lugha ya Kugombezwa

Mambo yaliharibika Jumatano ya pili ya mwezi wa tisa, siku wakubwa walipoleta msumeno wa chuma wakalikata bomba la uani. Walisema ni maendeleo: kila nyumba imeshavutiwa maji ndani, uani hapana kazi tena. Wakapiga picha mbele ya kile kisiki cha bomba, wakapeana mikono, wakaenda zao.

Fundi viatu alikuwa dirishani pake, orofa ya kwanza, gundi ikimkaukia kidoleni. "Haya," akamwambia mkewe, "wameshatukata ndimi." Mkewe akamjibu kwa lugha ya kwao kwamba aache uchuro.

Haukuwa uchuro. Jengo zima lilikuwa likizungumzia pale. Foleni ya ndoo ilikuwa na lugha saba, au nane ukimhesabu muuza mkaa, ambaye hata nduguze hawakuelewa anasema nini. Kila mtu alisema ya kwao na kila mtu alielewa. Ukitaka kumsengenya jirani ilibidi utoke mpaka barabara kuu, maana uani hapakuwa na lugha ya kujifichia.

Ndani kwa fundi viatu desturi ilikuwa hiyohiyo. Yeye alikuwa wa kabila lake, mkewe wa lake, na wote wawili vichwa vigumu. Siku waliyohamia walikubaliana: wewe sema yako, mimi yangu, masikio hayalipi kodi. Wakaishi hivyo mpaka mauti. Mke anauliza kwa yake, mume anajibu kwa yake, na binti yao katikati anawajibu wote kwa Kiswahili, kwa sababu mwalimu mkuu alitoa amri kwamba lugha za nyumbani zinadumaza watoto. Mwalimu mkuu yule baadaye alipandishwa cheo. Waharibifu ndio wanaopandishwa.

Maji yalipoingia ndani, watu nao waliingia ndani, wakafunga milango. Mke wa fundi, mtu aliyekwenda kuchota ndoo moja akarudi na habari za jengo zima, alibaki na watu wawili tu wa kuongea nao: mumewe, na Mama Cherehani, mshonaji wa nyumba za nyuma, ambaye alikuwa mtu wa kwao. Mwaka uliofuata akaugua, akafariki. Daktari akasema ni moyo. Fundi viatu hakubisha. Yeye alimjua aliyeshika msumeno.

Basi Jumapili moja binti yake, aliyeolewa mtaa wa mbali, akaja na mtoto wake wa kwanza mgongoni.

"Baba, nina ombi," akasema. "Lugha ya mama naielewa, lakini kuisema ulimi wangu mzito, natia aibu. Nataka huyu aisikie kwako kila Jumapili. Asipoisikia kwako, basi imekwisha."

"Miaka yote hiyo nimelala nayo chumba kimoja," fundi viatu akajigamba. "Itanishindaje? Mlete hapa."

Akampakata mjukuu, akafungua kinywa. Hola, halikutoka hata moja. Maneno aliyajua yote, angeweza kuyatambua gizani, lakini hakuwahi kuyatoa. Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akasema leo kifua kinambana, waje Jumapili ijayo.

Kesho yake asubuhi akagonga kwa Mama Cherehani.

"Shemeji, niongeleshe kwa lugha ya dada yako."

"Leo umeikumbuka?" Mama Cherehani hakuinua macho kwenye pindo la gauni. "Mimi nimekuongelesha miaka nenda miaka rudi, unanijibu kwa makoromeo ya kwenu. Haya, anza wewe nikusikie."

Fundi akafumba macho, akamwacha mkewe aje. Maneno yakatoka yenyewe, mbio mbio: ulikuwa wapi mpaka saa hizi? Vua hivyo viatu, unaniletea barabara ndani. Usiguse hapo na mikono ya gundi. Chakula kimeshapoa, na leo sikipashi.

Mama Cherehani alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji! Unaongea kama mke wa mtu!"

"Ndivyo nilivyosemeshwa."

"Na chakula alikipasha?"

"Kila siku."

Kicheko kikamtoka na machozi. "Hata kuyavuta maneno ni yeye mtupu. Lakini mtoto mchanga hagombezwi hivyo, shemeji. Njoo jioni, nikufundishe ya kumchekesha."

Jioni haikufika. Mchana ule akaja msimamizi wa jengo, kijana wa suti ambaye wapangaji walimwita Bwana Mipango, na habari kwamba nyumba za nyuma zinavunjwa, panatengenezwa maegesho ya magari. Wapangaji wa huko watapewa vyumba nje ya mji, na gari la kuwahamisha liko njiani. Fundi viatu akamwandama mpaka getini.

"Mzee wangu, kwako hapaguswi," Bwana Mipango akasema. "Sasa shida yako nini?"

"Wa kuongea naye."

"Hilo halimo kwenye mpango."

"Lingekuwamo vipi? Nyie hamjawahi kupanga foleni ya ndoo."

Kijana akacheka kwa adabu. "Kumbe mzee unataka bomba lako?"

"Lirudisheni," fundi akasema. "Na mshonaji mumwache alipo."

Hawakurudisha kitu. Lori lilipakia cherehani, godoro na mwenyewe. Mama Cherehani alipenyeza kichwa juu ya mizigo akamrushia maneno mawili matatu ya kumchezesha mtoto. Injini ikayameza, na fundi viatu akabaki mkono hewani.

Jumapili binti akaja kama alivyoahidi. Fundi viatu hakuwa na la kumpa zaidi ya lile alilokuwa nalo. Akampakata mjukuu, akamgombeza kwa lugha ya bibi yake: kuhusu viatu ambavyo hakuvivaa, na kuchelewa, na mikono ya gundi, na chakula kilichopoa. Mtoto akamkodolea macho, kisha akacheka kwa fizi tupu. Babu akarudia, mtoto akacheka tena.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, kanga ya kubebea ingali mkononi. Alisikia sauti ya mama yake ikitoka kwenye kinywa cha baba yake. Akaja, akaketi sakafuni karibu na magoti ya mzee.

"Hayo ya kukugombeza nayakumbuka," akasema polepole. "Nilikuwa nayasikia toka chumbani kwangu. Lakini mkishafunga mlango wenu, baba, siku amefurahi na wewe, alikuwa anakwambia nini?"