Namba Arobaini na Moja

Mama Nelly, jirani, anasema alimwona mchimbaji Maduhu kwa macho yake, Jumatatu saa moja asubuhi, akipanda basi la Kahama na begi jeusi begani. Hata wakasalimiana. Amemsimulia mwenyekiti wa kitongoji, amesimulia kisimani, na kila akisimulia begi linazidi kunenepa. Kama ni kweli, basi Maduhu hakuwemo shimoni duara lilipotitia saa tatu, na watu wanaofukua tangu juzi wanahatarisha roho zao bure. Simu yake haipatikani.

Hosiana, karani wa duara hilo la dhahabu nje kidogo ya Masumbwe, hakuwa na rekodi ya kumpinga. Kila mchimbaji ana namba yake ya kudumu, na kabla ya kushuka huiandika kwa chaki kwenye ubao. Hosiana, aliyeishia darasa la saba, huziingiza kwenye kompyuta pamoja na majina, kisha hufuta ubao, kwa kuwa meneja Sostenes hataki ubao na kompyuta vipishane. Jumatatu alikuwa ametoka kuufuta ardhi ilipotikisika. Jenereta likazimika. Kompyuta nayo ikazimika.

Leo Jumatano jenereta limewaka, lakini faili la majina la Jumatatu limegoma kufunguka. Davis, fundi aliyeko Kahama, alimwelekeza kwa simu.

"Majina bado yamo. Kilichovunjika ni faharasa, inayoiambia kompyuta kila jina liko wapi. Nakili faili kwanza. Ukinakili, kagua. Ukikagua, ndipo ukarabati. Siyo kama mafundi pikipiki wa huko kwenu, nyundo kwanza."

Hosiana alinakili. Kwenye skrini nyeusi akaandika amri ya kukagua, herufi moja moja. Jibu likaja: mistari sitini na minne, faharasa mbovu. Akaandika amri ya kukarabati. Namba zikapanda taratibu, zikasimama. Sitini na mitatu imeokolewa. Mmoja hausomeki, umeachwa.

Akarudia kwa njia nyingine ya polepole aliyoelekezwa na Davis, juu ya nakala nyingine. Mmoja umeachwa.

Alipofungua orodha, arobaini ilifuatwa na arobaini na mbili. Arobaini na moja ni ya Maduhu.

"Na thelathini na tatu haipo, na hamsini haipo," Sostenes alisema nyuma yake. "Asiyekuja kazini haandikwi. Hamsini na tisa walitoka wazima, wanne tumewatoa maiti. Sitini na tatu. Imetosha, dada."

"Na huo mmoja ulioachwa?"

"Takataka za umeme kukatika. Muulize Davis wako."

Alikwisha kumuuliza. Davis alisema inawezekana, na inawezekana sivyo.

Hosiana alijaribu kuiona arobaini na moja kwenye ubao. Akaiona. Lakini aliiona ya Jumatatu, ya Jumamosi, na ya wiki nzima iliyopita, mwandiko ni ule ule. Uso hakuuona, maana alizoea kutazama ubao tu.

Mabula, msimamizi wa wafukuaji, akaingia na tope hadi kiunoni. Hakukaa.

"Magogo ya matimba yanalia kule chini. Nina watu kumi na mmoja. Mkiniambia yupo, tunaendelea. Mkiniambia hayupo, nawatoa sasa hivi. Ila msiniambie labda."

Akatoka kusubiri nje. Sostenes akamfuata, akiwasha sigara.

Eufrasia, mama yake Maduhu, aliyekuwa amekaa mlangoni siku mbili, ndipo alipoinuka.

"Shikamoo, mayu, mama yangu," Hosiana alisema.

"Marahaba. Nimewasikia. Hicho chombo kinaandika unachokiambia?"

"Ndiyo, mama."

"Hata sasa?"

"Hata sasa."

"Basi mwandike."

Hosiana aliweka mikono mapajani. "Mama, kule chini kuna watu kumi na mmoja."

"Wangu wa kumi na mbili."

"Mama Nelly anasema alipanda basi."

"Begi jeusi liko nyumbani, limening'inia msumarini. Nimemwonyesha. Anasema litakuwa begi lingine." Akavuta kigoda, akaketi karibu kabisa, magoti yakagusana. Hakulia. "Mimi sikusoma, mwanangu, siwezi kukuonyesha pa kubonyeza. Lakini jina lake nitakutajia polepole, uandike. Maduhu. Baba yake aliitwa Luka."