Chai ya Kuitwa Baba

Miaka thelathini na mmoja nimemimina chai katika nyumba ya chai ya mtaani kwetu, hapa Chengdu, kwa birika lenye mdomo mrefu kuliko mkono wangu. Nimewamiminia maharusi wengi. Bibi harusi anashika kikombe kwa mikono miwili, anampa baba wa mumewe, na kwa mara ya kwanza anamwita Baba. Kabla ya kikombe hicho humwita Mjomba tu.

Kwa hiyo Jinhe, mwanangu wa pekee, aliponialika kula na mchumba wake na wakwe, nilivaa koti nililomzikia mama yake, maana sina jingine. Mfukoni nikatia bangili yake ya jedi, lile jiwe la kijani. Marehemu aliniachia neno moja: "Mpe mkweo siku atakapokuita Baba."

Lifti ilitufikisha mimi na Jinhe ghorofa ya arobaini na mbili. Jina la mahali penyewe silijui, limeandikwa kwa herufi za Wazungu. Giza tupu, muziki unadunda mpaka meno yanacheza, na wasichana wanakipiga picha chakula badala ya kukila.

"Karibu, Bwana Kelvin," mhudumu akamwambia mwanangu.

Kelvin! Nilihangaika na kamusi siku tatu kumtafutia mtoto huyu jina.

Bwana Shen, baba wa msichana, alikwisha kukalia kiti kinachotazama mlango, kiti cha mkubwa. Nimemzidi miaka sita. Binti yake, Ruolan, aliinuka akanivutia kiti.

"Karibu, Mjomba. Hujachoka?"

Mtoto ana adabu. Yeye sina ugomvi naye.

Nyama ikaja inavuja damu. Nikaomba vijiti vya kulia.

"Hapa hawana," Jinhe akaninong'oneza.

"Basi maji ya moto."

"Ah, mzee mwenzangu!" Bwana Shen akacheka. "Maji ya moto utayakuta kwako. Leo tunakula kizungu!"

"Kizungu mpaka damu?"

Ruolan alicheka. Jinhe aliendelea kukata nyama yake.

Nikavumilia, nikijua chai itakuja mwishoni. Ndipo Jinhe akashika glasi ya divai kwa mikono miwili, akaishusha chini ya glasi ya Bwana Shen kama anavyofanya mdogo kwa mkubwa, akasema, "Afya yako, Baba."

Sikuhitaji kuelezwa. Mtu haamki tu akamwita mkwe wake Baba; bwana harusi naye hutanguliza kikombe.

"Lini?" nikamuuliza.

"Lini nini?"

"Chai, Jinhe."

Akainamia sahani. Ruolan ndiye aliyejibu, kwa nia njema kabisa. "Mwezi uliopita, Mjomba, nyumbani kwetu. Jinhe alisema ulikuwa unaumwa. Tukasema yako tutakuletea ukipona."

Mwezi uliopita sikuugua hata mafua. Ruolan aliusoma uso wangu, kisha akamgeukia mchumba wake.

"Walikuwapo wakubwa wangu wa ofisini," Jinhe akasema polepole. "Wangeuliza unafanya kazi gani. Ningewaambia nini?"

"Kwamba baba yako humimina chai."

Niliumia, sitaficha, afadhali angenipiga kofi. Nikamwita mhudumu nikaagiza chai. Akaleta kikombe chenye kifuko cha karatasi kinachoning'inia uzi. Nikasimama, nikakishika kwa mikono miwili, nikazunguka meza na kuinama mbele ya Bwana Shen.

"Pokea, bwana. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Zote mbili nimekwisha kukufanyia. Hongera kwa mtoto wa kiume."

Meza za jirani zikageuka. Jinhe akanishika kiwiko.

"Baba, watu wanatuangalia. Keti, tafadhali."

"Unamwambia yupi?" nikamuuliza.

Mkono wake ukaniachia. Nikaweka kikombe mezani nikaondoka.

Ruolan alinikimbilia hadi kwenye lifti, machozi yanamtoka. Nikatia mkono mfukoni nikaishika bangili.

"Mjomba," akasema, "nisamehe. Sikujua."

Nilizuia mlango wa lifti kwa bega, nikamngoja aseme tena. Alikuwa analia tu. Mlango ukaanza kupiga kengele, watu wa ndani wakanung'unika, nikaingia, bangili ikiwa bado mfukoni.