Sauti ya Chumbani

Fundi saa alikuwa mtu wa kujiamini, na kujiamini huko ndiko kulikomponza. Miaka thelathini alifungua saa za watu na hakuna skrubu iliyompotea. Kompyuta nayo, alisema, ni saa tu isiyo na mishale. Haya!

Binti yake walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Chumbani alikuwa na kompyuta ya Linux. Sebuleni wazazi walitumia ya Windows, ambayo Chiriku aliiita mashine ya wastaafu. Alianza kuziunganisha mwenyewe, akapitisha waya juu ya mlango, akajirekodi sauti ya kujaribia. Kabla hajamaliza, homa kali ikamlaza Jumatatu. Ijumaa wakamzika.

Kazi aliimalizia mjomba wake, fundi wa mitandao, miezi minne baadaye. Akaifungua folda ya Chiriku ionekane sebuleni, akabofya faili moja, na sauti ya Chiriku ikajaa sebuleni.

"Mama! Ukinisikia huko sebuleni, nijibu! Baba, usijibu wewe, utaharibu!" Kisha kicheko.

"Nakusikia, mwanangu," mama akajibu, machozi yakimtiririka.

Tangu siku hiyo akawa hagusi chakula kabla hajaisikiliza; asubuhi, mchana, jioni. Na kila mara alijibu. Akakonda, akabaki macho tu. Fundi saa aliumia mara mbili: mtoto kaenda, na mke naye anamponyoka huku akimtazama. Jumapili mchana akamkatisha katikati ya kusikiliza, akazima spika.

"Mke wangu, chakula kinapoa. Njoo basi."

Mama akainuka, akala matonge mawili, akaenda kujilaza.

Fundi saa akabaki mbele ya kompyuta. Hakuwa na nia mbaya, jamani. Aliamini hii ya sebuleni ni nakala, yenyewe iko chumbani, salama salimini. Aifiche wiki moja, mke apate kupumua. Na akijuta, kapu la taka la kompyuta si lipo? Akaifuta. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika anataka kuifuta kabisa. Akabofya ndiyo, kama alivyozoea kubofya ndiyo kwa kila inachomuuliza.

Majuto ni mjukuu, lakini huyu alifika kabla ya jioni. Alikwenda chumbani kuhakikisha, hakuikuta. Kapu la huku tupu, la kule tupu. Akampigia shemeji yake.

"Haikuwa nakala, shemeji," mjomba akasema. "Sebuleni mlikuwa mnachungulia tu, kama dirishani. Umefuta yenyewe. Na kinachofutwa kupitia waya hakipiti kapuni."

Alikuja na programu zake za kufufua mafaili, akashinda chumbani siku mbili. Alipotoka mikono mitupu, hakuweza kumtazama dada yake usoni. "Ilikuwa kazi yangu kuwawekea nakala ya akiba," akasema. "Sikuwaza."

Fundi saa akaenda kukaa sebuleni kando ya mkewe.

"Ni mimi niliyeifuta," akasema. "Nilitaka upumzike."

Alitegemea kelele. Angezipokea kelele, hata kofi angelipokea. Mama aliutazama ule waya juu ya mlango.

"Jumapili aliniita," akasema. "Ukazima spika. Sikumjibu."