Isale ya Mama Mektrida

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekukosea, daktari." Mama Mektrida hakukaa. Aliinama, akaweka jani la isale mezani kwa mikono miwili.

Daktari Elisaria aliduwaa. Yeye ni Mchagga wa Machame; alijua kwamba aletaye isale anaomba msamaha, na anayeletewa hakatai. Lakini huyu mama wa Kirua Vunjo amemkosea nini?

"Kile kipimo cha mwisho sikukifanya. Uwezo uliishia kwenye eksirei. Nikaona nisijifiche kama mwizi, nije niseme."

"Na mgongo?"

"Umepona! Vipimo vyako vimenisaidia, aika mbe, asante sana. Tangu nimuuze ng'ombe ili nivilipie, sijasikia maumivu tena."

Elisaria aliinamisha kichwa. Siku ile ya kwanza, alipougusa tu mgongo ule, alijua ni uchovu wa mizigo. Mama mwenyewe alimweleza anavyopandisha mlima na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani. Zamani angemwambia, "Pumzika, mama, majani abebe mwingine," akampa dawa ya kuchua, basi. Ila zamani alikuwa na mshahara. Siku hizi mwenye zahanati humlipa kwa kila kipimo anachoandika, na kalamu yake imekuwa na njaa kuliko yeye. Akaandika damu, mkojo, eksirei, na kingine juu yake. Mama akamshukuru kwa kuwa makini.

Sasa alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Umenisamehe, baba?"

"Nimekusamehe," alijibu. Mama akatabasamu, akatoka.

Akaingia mwanamke mwenye mafua. Mafua tu, hata mlinzi wa getini angeyatambua. Elisaria alishika kalamu, akaanza kuandika damu, mkono ukagusa lile jani. Akaiweka kalamu chini, akainuka.

Barazani, waliokaa kwenye foleni walimwona daktari akitoka na isale mkononi. Wakakunja miguu kumpisha.

Mama Mektrida alikuwa getini, anajifunga kanga. Aligeuka, akaliona jani lake, na furaha yote ikamtoka usoni. Alidhani msamaha wake umekataliwa.

Elisaria alizidi kumsogelea, jani amelishika kwa mikono miwili, kama alivyolishika mama alipomwomba msamaha.